Anayestahili

Neno hili nimelitafuna tangu asubuhi:
stahili.
Mola astahili sifa.
Mwizi wa nazi, kwetu Kijiwetanga, astahili viboko.
Na binamu yangu Jumwa, aliyezikwa mbio mbio
hata uji wa matanga haujapoa,
walinong'ona nyuma ya pazia: alistahili.

Leo neno limeletwa zahanati kwa pikipiki,
limegongwa muhuri wa bluu:
dawa ya kinga wapewe wanaostahili.
Makopo arobaini. Hadi mwezi ujao, Mungu akipenda,
na lori likitoka Mombasa.

Fomu ina maswali saba.
Mimi ndimi kalamu yake.

Kahindi wa ufukweni ndiye wa kwanza,
Kitaliano chake kimenyooka kuliko Kiingereza changu.
Wangapi, miezi sita iliyopita?
"Dada, una karatasi ya ziada?"
Akacheka, nami nikacheka, tiki zikajipanga.
Akaondoka na kopo lake akipiga mluzi.

Haluwa wa baa alikuja na mtoto mgongoni.
Swali la nne akalikataa.
Mtoto amelala, nikamwambia.
"Masikio hayalali, nesi."
Akanijibu kwa vidole.

Kisha Mzee Twaha, fundi wa milango.
Mkewe anaishi na virusi mwaka wa tisa sasa.
"Kidonge chake humeza saa mbili, kwa chai.
Nimechoka kumtazama anameza peke yake."
Fomu haikuuliza habari za chai.
Nikaiandika pembeni.

Mbeyu alikuja saa saba, daftari nimeshalifunga.
Wangapi?
"Mmoja."
Mnatumia mpira?
"Ni mume wangu, nesi."
Hali yake waijua?
"Hali gani? Miguu imempasuka kwa chumvi,
ana mkopo wa pikipiki,
na anakoroma."

Nikajumlisha: sifuri.
Sifuri ya duara, safi, mfano wa bangili.

Mumewe yuko Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi.
Mwisho wa mwezi hurudi na nusu ya mshahara.
Nusu ya pili ina jina.
Mbeyu analijua. Hakulitaja,
alilikunja tu ndani ya leso pamoja na nauli.

Nikatafuta kwenye fomu mahali pa kuuliza:
na huyo mmoja, yeye ana wangapi?
Nikageuza karatasi. Nyuma ni nyeupe.

Aliyeitunga si mtu mbaya.
Namwona ofisini, feni inakwaruza,
ameambiwa agawe arobaini kwa mji mzima,
Barani, Muyeye, Maweni, wote hao.
Mimi ningeuliza nini?
Unga wenu hununuliwa na nani?
Ukisema hapana usiku, asubuhi mlango bado ni wako?
Na kwa maswali yangu ningemfungia nani nje?
Pengine Kahindi, kwa kuwa anacheka.

Nikamdunga kidole, tukangoja kipimo.
Mstari mmoja.
Tuliutazama kama watu wanaotafuta mwezi mwandamo,
kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema
ameuona.

Ndipo nikairudia fomu
na kwenye swali la tatu nikaweka tiki
ambayo yeye hakuisema.
Wakaguzi wakija, mwandiko ni wangu.

Alilipokea kopo, akalitikisa karibu na sikio.
Vidonge thelathini vikalia kama kayamba.
"Atasikia," akasema.
Nyumba yao ni vyumba viwili, na ukuta haufiki juu.

Akaomba pamba.
Nikampa roli nzima.
Pamba haina fomu.

Makopo: thelathini na sita.
Kwenye benchi, watu kumi na mmoja,
na msichana mmoja mlangoni, sare ya shule,
hajaamua kama anaingia.